Chombo Hiki Kinabeba Nini?

Fundi alikipokea kiunzi changu cha mtumbwi mdogo kwa mikono miwili, akakigeuza kifudifudi, akapitisha kidole gumba juu ya mkuku, mti wa chini unaobeba chombo kizima, kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, kisha akakiinua usawa wa jicho la kulia na kulifumba la kushoto, vilevile afanyavyo kwa mitumbwi ya futi 24 iliyokuwa imeegemezwa kwenye magogo nyuma yake. Tulikuwa ufukweni Igombe, Mwanza, asubuhi, wakati ambapo mitumbwi ya dagaa imekwisha kurudi na mzigo umeanza kuanikwa. Nilitarajia aseme kwamba ni kizuri, kwa sababu kila aliyekiona kabla yake alisema hivyo.

"Mwalimu," akasema, "chombo hiki kinabeba nini?"

Nilimjibu kwamba ni mfano tu, wa kuwekwa juu ya kabati, na kwa hiyo hakibebi kitu. Hakucheka wala hakukunja uso. Alinirudishia, akashika randa yake, akaniambia kwamba nikishajua nirudi tuzungumze.

Wiki kadhaa zimepita na swali hilo halijanitoka. Limenifuata kwenye daladala ya kurudi mjini, limenifuata darasani, na limekuwa likiningoja kila nilipoketi mezani kuendelea na kazi. Naandika kueleza lilivyobadili mawazo yangu kuhusu jambo ambalo kila anayejenga vyombo vidogo vya mbao hulitafuta: mtu wa kumshauri na mtu wa kumtia moyo.

## Pongezi

Sizidharau pongezi. Kazi hii hufanyika usiku, peke yako, kwa vipande vya mbao vyembamba kuliko rula ya mwanafunzi, na matokeo yake huchelewa sana kuonekana. Mtu akipita sebuleni, akasimama na kusema, "Hongera, mwalimu, una kipaji," neno hilo hukaa nawe hadi kesho yake. Wapo walioacha kwa sababu hawakulisikia hata mara moja.

Hata hivyo nimeona kwamba baada ya "hongera" mazungumzo huisha. Msemaji ametimiza wajibu wake, nami sina la kufanya zaidi ya kushukuru. Chombo kinarudi mezani vilevile kilivyokuwa, pamoja na mashaka yangu yote kuhusu upana wa omo na umbali kati ya taruma na taruma, miti iliyopinda ya ndani inayoshikilia mbao.

Nafundisha hisabati, na jambo hili nimeliona kwenye madaftari kwa miaka mingi. Mwanafunzi ninayemwandikia "Vizuri" hufunga daftari na kuliweka ndani ya dawati. Yule ninayemwandikia "Kwa nini hapa umegawanya?" hunifuata ofisini wakati wa mapumziko, mara nyingine akiwa amekasirika, na tunaketi pamoja tukaanza kazi upya. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi, mtu mzima, nilikuwa na kiu ya kuulizwa.

Hapa pana shaka ambayo ilinisumbua. Ufukweni nimeshuhudia pia ushauri wa namna nyingine: kijana anayejifunza ufundi anatukanwa mbele ya wateja kwa sababu msumari umepinda, na wenye umri wanasema kwamba hivyo ndivyo fundi anavyokomaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Anachojifunza kijana yule ni kuuficha msumari uliopinda. Kwa hiyo nilitaka kuwa na hakika kwamba kilichonivutia kwa fundi wa Igombe hakikuwa ukali, na kila nikiikumbuka sauti yake sioni ukali ndani yake. Aliniuliza kwa sauti ileile anayomwulizia mteja aliyekuja kuagiza mtumbwi.

Hilo ndilo lililonishika.

Alikuwa mtu wa kwanza kukihesabu chombo changu kuwa chombo.

## Ramani iliyomo mikononi

Anayetaka kujenga mfano wa HMS Victory, manowari ya Uingereza iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo hadi leo iko Portsmouth, atapata michoro inayoonyesha hadi kapi za kamba. Vasa, manowari ya Uswidi iliyozama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961, ina mfano wake wa kipimo cha 1:10 ndani ya jumba lake la makumbusho, karibu na meli yenyewe. Uingereza ilikuwa na desturi, tangu karne ya 17, ya kujenga mifano ya manowari kwa kipimo cha 1:48, mingi ikiachwa bila mbao za chini ili mataruma yaonekane. Mjenzi wa vyombo kama hivyo anaweza kukaa muda mrefu bila kuzungumza na mtu, na bado akapata umbo sahihi.

Mjenzi wa mtumbwi wa Ziwa Victoria hawezi. Fundi niliyemwendea hachori. Anaanza na mkuku, anasimamisha fashini, miti ya mwisho wa chombo mbele na nyuma, anaweka mataruma ya katikati, kisha anavuta upapi, ubao mwembamba unaopindika, kutoka omo hadi tezi na kuutazama unavyopinda. Mataruma yaliyobaki anayachonga yafuate upapi ule. Umbo lote la chombo huamuliwa katika dakika hizo chache za kutazama. Anayetaka vipimo sharti amwendee, na akimwendea atapimiwa kwa futi, kwa shubiri, na kwa maneno kama "hapa mtu apate kupitisha goti".

Sote tunaijua habari ya meli ya Liemba: ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliundwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. MV Victoria yetu nayo ilitengenezwa Scotland na kufikishwa Kisumu ikiwa vipande. Kinachonigusa katika habari ya Liemba ni kwamba pamoja na makasha yale walikuja mafundi watatu kutoka karakana ileile iliyoitengeneza. Kila kipande kilikuwa kimekwisha kukatwa na kuunganishwa mara moja, michoro ilikuwapo, na bado wenye karakana waliona kwamba vipande na karatasi havitoshi pasipo watu ambao mikono yao iliwahi kuishika kazi hiyo.

Ikiwa meli yenye michoro ilihitaji watu, mtumbwi usio na mchoro unawahitaji zaidi. Ushauri, kwa chombo cha namna hii, si nyongeza inayokuja baada ya ramani. Ndio ramani yenyewe.

## Hesabu ya mzigo

Nilianza kulijibu swali kwa njia ninayoijua. Kipimo changu ni 1:20. Mtumbwi wa futi 24 unakuwa na urefu wa sentimeta 36.6, upana wa futi 5 unakuwa sentimeta 7.6, na ubao wenye unene wa inchi moja unakuwa milimeta 1.27. Hayo nilikuwa nimeyakokotoa zamani. Mzigo ulikuwa haujaingia katika hesabu yangu, na mzigo haufuati kanuni ileile: urefu ukigawanywa kwa 20, ujazo na uzito hugawanywa kwa 20 mara 20 mara 20, yaani 8,000. Kilo 800 zilizopakiwa ziwani ni gramu 100 ndani ya beseni langu. Mtu wa kilo 70 hafikishi gramu 9.

Kiunzi hakielei. Kwa hiyo nilichukua kipande cha msonobari, nikakichonga kifuate umbo la kiunzi, nikakikomba ndani hadi kikawa chepesi, kisha nikapima mchanga kwenye mizani ya jikoni na kuufunga katika vifuko vidogo vya plastiki. Vifuko vikikaa chini, karibu na mkuku, chombo kilitulia. Nikahamisha gramu 35 hadi ukingoni, ambazo ni watu wanne waliosimama upande mmoja kuvuta wavu, na maji yakaanza kuramba bavu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikiulizwa.

Umbo nililokuwa nimelichagua, lenye mbavu zilizosimama wima na tumbo jembamba, ni umbo la chombo cha kwenda mbali na kurudi upesi. Mtumbwi wa dagaa una maisha mengine. Usiku unakaa karibu na taa, umetulia, na kazi yake kubwa ni watu kuegemea upande mmoja na kuinua wavu uliojaa. Bavu likiwa refu mno, mvutaji anaumia mgongo na wavu unachanika ukingoni. Likiwa fupi mno, wimbi dogo linaingia. Tumbo linapaswa kutanuka kiasi cha kuwavumilia watu wanne walioinama. Nikapata jibu la kumpelekea fundi: kinabeba watu wanne, wavu, taa, na dagaa wabichi. Tangu siku ile kila kipimo nilichokuwa nikikisitasita kilipata mahali pa kuegemea, kwa sababu niliweza kukiuliza kinamsaidia nani kati ya hao.

Kwa mtu wa Mwanza, swali la mzigo lina uzito ambao sihitaji kuueleza kwa kirefu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, tunaikumbuka, na makaburi ya Igoma yapo. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu na Ukara, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka na zaidi ya watu 200 wakafa. Fundi anayeishi katika mwambao huu hawezi kukitazama chombo cha ukubwa wowote bila kutaka kujua kimeundiwa kubeba nini, na naamini ndiyo maana hakuniona kuwa ninacheza.

## Mafundi wawili

Nilirudi Igombe na jibu langu, na mzee akanipa vipimo: mataruma yakae mbali kiasi gani, fashini ya mbele ilale kiasi gani. Alisema kwamba mataruma yakisongamana, mbao zinapotea na chombo kinakuwa kizito bure.

Baadaye nilikipeleka kiunzi kilekile kwa fundi mwingine, Kirumba, si mbali na Mwaloni. Naye alikitazama kwa makini, akahesabu kwa kidole, akasema kwamba mataruma ni machache na kwamba chombo cha namna hiyo kitavunjika.

Nilisimamisha kazi. Hii ndiyo sehemu ya kupata ushauri ambayo ni vigumu kuliko zote, na watu huizungumzia kidogo. Ukikosa mshauri unajua la kufanya, unatafuta. Ukiwapata wawili, wote wenye ujuzi, wote wenye nia njema, na kauli zao zikagongana, unajikuta unataka kumfuata aliye mkubwa kwa umri, au aliyezungumza nawe kwa upole, au uliyemsikia mwisho, na hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayohusiana na mbao. Nilifikiri pia kugawanya tofauti katikati, jambo ambalo lingenipa mtumbwi ambao hakuna fundi ziwani angeujenga.

Kilichonitoa hapo ni kumrudia fundi wa Kirumba nikiwa na swali la mwenzake. Nilimsalimu, nikamwuliza mitumbwi anayoijenga inabeba nini. Akanieleza: magunia, kreti za soda, mabati, saruji, bidhaa za kwenda visiwani, na mara nyingi chombo kinaegeshwa penye mawe kikiwa bado kimejaa. Huyu anahitaji mataruma ya karibu karibu. Yule wa Igombe anawajengea watu ambao kila asubuhi huuvuta mtumbwi mchangani kwa mikono yao, na kwao kila taruma la ziada ni uzito wa kuburuta.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli kuhusu chombo wanachokijua.

Tangu hapo daftari langu la vipimo lina safu moja zaidi. Mtu akinipa kipimo, naandika kando yake anajenga chombo cha mzigo gani na kinalala wapi usiku. Kipimo kisicho na maelezo hayo nakiwekea alama ya kuuliza, hata kama kimetoka kwa fundi hodari, kwa kuwa sina namna ya kujua kama kinakihusu chombo changu.

## Ufukwe unapoishia

Kuna mambo ambayo fundi wa mitumbwi hawezi kunisaidia, na ni haki kusema hivyo bila kumpunguzia heshima. Mninga ni mbao nzuri, lakini tundu zake zinaonekana kwa macho, na ukiuchana hadi milimeta moja tundu hizo zinakuwa kubwa mno kwa ukubwa wa chombo. Aliyenisaidia hapa ni seremala wa vitanda. Aliniambia nitafute mpera au mchungwa, miti ambayo wengi huikata kuwa kuni, kwa kuwa nyuzi zake zimesongamana. Wajenzi wa Ulaya hupenda mpeasi kwa sababu hiyohiyo. Taruma la mpera lenye upana wa milimeta 3 linachongeka kwa kisu bila kupasuka, na likipigwa msasa laini linang'aa lenyewe.

Seremala huyohuyo alinionyesha kwamba kinachoulegeza ubao ni joto. Nilikuwa naloweka vipande usiku kucha. Yeye alikilowesha kimoja kwa muda mfupi tu, akakibana juu ya bomba lililopashwa moto, akakiacha kipoe kikiwa kimepinda, na hakikurudi.

Upande wa kupunguza upana wa mbao, fundi wa Igombe alinishangaza. Kila mwanafunzi wa vyombo vidogo hukutana na tatizo hili: mzingo wa katikati ni mkubwa kuliko wa omo, kwa hiyo ubao wenye upana sawa kutoka mwanzo hadi mwisho hautakaa. Katika chombo changu, kutoka mkuku hadi ukingo ni sentimeta 5 katikati na sentimeta 3.2 karibu na omo. Kwa mbao nne kila upande, ubao unaanza na milimeta 12.5 na kushuka hadi milimeta 8. Nilimwonyesha hesabu hiyo. Akachukua uzi, akauzungusha kwenye taruma la katikati, akaukata, akaukunja mara mbili, akaupima upana wa ubao kwa uzi uliokunjwa. Akafanya hivyo tena kwenye taruma la mbele. Alifika kwenye jibu langu bila namba hata moja, na nimeiacha njia yangu kwa ajili ya yake, kwa kuwa uzi hupita juu ya umbo halisi la taruma nililolichonga, ilhali namba zangu hupita juu ya umbo nililokusudia kulichonga.

Wavu ulipata mshauri wake pia. Tundu la milimeta 8 la wavu wa dagaa ni milimeta 0.4 kwa kipimo changu, na chandarua kina matundu makubwa mno. Fundi cherehani alinipa mabaki ya shifoni.

## Umefikia wapi

Kulikuwa na kipindi ambacho sikugusa chochote. Mitihani ya mwisho wa mwaka ilikuwa imenijaa, umeme ulikuwa wa kukatika, na kiunzi kilikaa chini ya kitambaa hadi nikaacha kukitazama. Watu wa nyumbani walinisifia kazi niliyokwisha kuifanya, kwa upendo kabisa, na sifa hizo hazikunirudisha mezani.

Kilichonirudisha ni salamu. Kijana anayejifunza kwa mzee wa Igombe alinikuta sokoni Kirumba, akaniamkia, akasema, "Mwalimu, mzee anauliza kama umefika kwenye kalafati, kwa sababu amekuwekea pamba."

Kalafati ni kuziba mianya ya mbao kwa pamba, nami sikuwa nimepigilia hata ubao wa kwanza. Tena kwa kipimo cha 1:20 mwanya kati ya ubao na ubao ni mdogo mno kupokea pamba. Lakini mzee alikuwa ameihesabu kazi yangu miongoni mwa kazi zinazoendelea ufukweni, akaipa hatua inayofuata, na akaiwekea kifaa chake. Usiku ule nilikitoa kitambaa nikaanza kuchana mbao.

Nimelitafakari hili sana, kwa sababu najua kwamba kusubiriwa kunaweza pia kumvunja mtu moyo. Nimewaona vijana walioiacha kazi ya mikono kwa kuwa kila mgeni nyumbani aliwauliza watamaliza lini. Swali hilo hupima umbali uliobaki, na kwa mwenye chombo kilichosimama umbali huo ni mrefu daima. Mzee aliuliza kuhusu kalafati. Aliuliza kuhusu hatua moja, yenye jina, ambayo mtu anaweza kuifikia kwa mikono yake, na ndani ya swali lake mlikuwa na imani kwamba nitaifikia. Sijui pongezi yoyote iliyowahi kunipa imani ya namna hiyo.

Nilimwendea kuichukua pamba. Nilimweleza kuhusu mwanya. Alifikiri kidogo, akaniambia niifiche ndani, chini ya sakafu ya mtumbwi, kwa kuwa chombo kisicho na pamba hakijakamilika hata kama hakuna atakayeiona. Imo.

## Ninachokitafuta sasa

Chombo kinachofuata ni mtumbwi wa tanga, wa upande wa Ukerewe na Ukara, na nahitaji watu wenye futi ya kupimia. Ukiwa Nansio, Musoma, Bukoba au Sengerema, na jirani yako anao au anamjua fundi wake, naomba urefu wa mkuku, upana wa katikati, kina kutoka ukingo hadi sakafu, idadi ya mataruma na umbali kati yao, na maelezo ya kazi ambayo mtumbwi huo hufanya. Picha peke yake hainitoshi, maana haionyeshi tumbo lililo chini ya maji. Na zaidi ya vyote naomba umbali kutoka omo hadi mguu wa mlingoti, kwa kuwa nimewauliza mafundi wangu wote wawili, na kila mmoja ameuweka mahali pake.